Mume wa Rembo Alitoka Oloipiri

Wiki iliyopita kijana mmoja aliegesha gari la watalii mbele ya nyumba yangu hapa Endamarariek, akashuka na simu mkononi, akasema, "Shikamoo bibi, nataka mbwa mrefu kama huyu." Kwenye simu nikamwona Fimbo, mmoja wa mbwa wetu, anakata shamba lililokwisha kuvunwa, miguu yote minne iko hewani. Kuna mtu alimrekodi akamrusha mtandaoni. Nilimkaribisha yule kijana chai, nikamuuliza anakaa wapi. Akasema amepanga chumba na sebule nyuma ya stendi ya Karatu. Nikamwambia anywe chai yake taratibu, lakini mbwa hapati.

Hakukasirika. Aliuliza sababu, nami nikaanza kueleza, chai ya pili ikaletwa, na ya tatu. Alipoondoka, mjukuu wangu Paulina, ambaye ndiye anaendesha mabanda tangu magoti yangu yaliponiambia basi, alisema, "Bibi, hayo ungeyaandika. Wanakuja wengi, na kila mmoja unamweleza upya." Basi nayaandika. Nyie vijana mnaotaka mbwa hawa, someni kwanza, halafu ndiyo mje.

Mimi niliajiriwa kupika. Kwenye shamba la kahawa huko juu karibu na msitu, mwenye shamba alikuwa na mbwa walioletwa kutoka ng'ambo na wazee wake, na kazi yangu ilikuwa kuwachemshia uji wa mahindi na mifupa. Mtunzaji wao alikuwa Mzee Amsi, Mwiraqw mwenzangu, mtu mwembamba mrefu ambaye watu walisema ameanza kufanana na mbwa wake. Mwenye shamba alipouza na kuhama, wanunuzi hawakutaka mbwa. Mzee Amsi aliwafunga kamba akashuka nao mpaka Endamarariek kwa miguu, nami nikashuka naye nikiwa nimebeba sufuria. Tangu siku hiyo kazi yangu ikawa mbwa.

Kama hujawaona: ni mbwa anayefika kiunoni kwa mtu mzima, mwenye manyoya magumu ya kijivu, kifua kirefu kama cha farasi na tumbo lililobanwa nyuma. Hawindi kwa kunusa kama mbwa wengine. Anawinda kwa macho. Akikiona kitu kinakimbia mbali kule, ameondoka, na ukimwita amekwisha kuwa mdogo kama sungura. Huku kwetu kazi yao ni nguruwe pori. Nguruwe wanashuka kutoka msituni mahindi yakianza kukomaa, na familia moja inaweza kulimaliza shamba lako lote kwa usiku mmoja. Mbwa wetu wanawafukuza. Hawaui, na sisi hatuui. Kuua mnyama wa porini ni jambo la maafisa wanyamapori, na mpaka wa msitu ni mpaka. Hilo nitalirudia.

Mbavu zao zinaonekana. Hivyo ndivyo walivyoumbwa. Lakini jirani yetu mmoja, mama mzee wa kanisani, alipita na kuwaona, akaenda nyumbani akarudi na sufuria zima la makande, akayamwaga mbele yao huku akiniangalia kwa huzuni. Jumapili iliyofuata katekista aliniita pembeni akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna shida ya chakula. Nilimpeleka bandani akawaone wanavyokula. Alipoona sufuria, akasema afadhali yeye amejaliwa watoto.

Makande yale yangeweza kuua mbwa, na hapa ndipo nianze na mafunzo ya Mzee Amsi. Mbwa mwenye kifua kirefu hivi hashibishwi akakimbizwa. Tumbo linajaa hewa, linajigeuza ndani, na ukiliona limekuwa gumu kama ngoma na mbwa anajaribu kutapika bila kutoa kitu, hapo ni daktari, wala usisubiri kunywa maji. Mpe chakula kidogo kidogo, akitoka kukimbia apumzike kwanza. Mtoto wa mbwa usimkimbize kwenye mawe mpaka mifupa ikomae, hata kama anaonekana mkubwa kuliko wewe. Kila mmoja apate chanjo ya kichaa na za magonjwa mengine. Na umlee pamoja na mbuzi tangu angali mdogo, alale nao, apigwe pembe na beberu, ili akikua asione mbuzi kama kitu cha kukimbizwa.

Halafu kuna sheria za kupandisha. Mzee Amsi alikuwa hacheki katika hizo. Jike hapandishwi akiwa bado msichana. Asubiri akomae mwili mzima. Hazalishwi mfululizo kama kuku. Mwenye moyo unaodunda vibaya au nyonga mbovu hazai kabisa, hata awe mzuri kiasi gani. Na ndugu kwa ndugu, hapana. Alikuwa anasema hivyo huku amekunja kidole changu ndani ya kiganja chake, kama anayenifunga.

Sasa nifike kwenye mwaka ule mbaya. Ulipita ugonjwa wa mbwa, ule unaoanza na tongo machoni na mafua, na kuishia na mwili kutetemeka. Chanjo zilikuwa zimeadimika, na tulikuwa tumewachanja wawili tu, Rembo na kaka yake Mshale, waliozaliwa tumbo moja. Wengine wote tuliwazika nyuma ya nyumba. Sitaeleza sana. Ulipopita, ukoo mzima wa mbwa wale hapa Karatu ulibaki na jike mmoja na kaka yake.

Watu wakaanza kuniambia la kufanya. Jirani wenye mahindi walisema zalisha haraka, nguruwe hawasubiri. Mwenye loji mmoja wa huko njia ya geti la Ngorongoro alikuja mara mbili na ahadi nzuri, akitaka watoto wa kupamba bustani yake kabla ya msimu wa wageni. Hao wote niliwajibu kirahisi. Aliyenishinda ni Mzee Amsi mwenyewe.

Alikuwa mgonjwa wa kifua, amelala kwa bintiye, jirani na kwangu. Aliniita asubuhi moja. Rembo alikuwa ameingia kwenye joto.

"Mpandishe na Mshale," akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamwambia Baba, hao ni ndugu.

"Najua ni ndugu. Niliwapokea kwa mikono hii. Nakuomba mara hii moja, Martha. Sitaki kufa nikiwa mtu wa mwisho kuwajua."

Nilikaa pale kitandani nikiangalia mikono yake. Huyu mtu alinifundisha kila kitu ninachojua. Kumkatalia mzee anayeumwa ni kitu ambacho mama yangu asingenisamehe. Lakini niliona kwenye akili yangu watoto watakaozaliwa, na watoto wa watoto, macho yana kasoro, mioyo dhaifu, na mimi nikiwagawa kwa majirani huku nikijua.

"Baba, siwezi," nikamwambia. "Nitamtafutia mume."

Akageukia ukutani. Bintiye aliniambia baadaye kwamba hakula mchana huo.

Nilikuwa na sehemu moja tu ya kutafuta. Miaka ya nyuma Mzee Amsi alimpa mtoto wa mbwa mfugaji mmoja wa Kimasai aitwaye Sironka, aliyekuwa akiishi Olbalbal na akija Karatu mnadani. Yule mtoto alikuwa jike, na baba yake alikuwa dume wa kutoka nje, wa mgeni aliyepita na mbwa wake shambani. Kama jike lile lilizaa huko, na kama aliyezalishwa naye alikuwa wa ukoo mwingine, basi damu ya watoto wake na ya Rembo zilikuwa zinakutana mbali sana, kwa bibi wa bibi. Kulikuwa na "kama" nyingi. Simu ya Sironka haikupatikana.

Nilimtenga Rembo na Mshale, nikamwachia Paulina ufunguo, nikapanda basi la Loliondo linalopita hifadhini. Nilishuka njiani nikaingia Olbalbal na wanawake waliokuwa wanarudi na punda wa maji. Tambarare ile ni kavu, vumbi linaingia mpaka kwenye meno, na maji wanayabeba kutoka mbali mno. Hawakuniuliza kwa nini mama mzima wa Kiiraqw anatembea juani kutafuta mbwa. Walinipa maziwa ya kibuyu, na tulipofika wakaniambia Sironka alishahamia Oloipiri na ng'ombe wake, na kwamba ndiyo, mbwa wake mrefu walikuwa wanamjua, na mwanawe dume pia. Nilisikia neno "mwanawe" nikataka kuimba.

Oloipiri nilifika na lori la chumvi. Nilipokaribia boma, kabla sijamwona mtu yeyote, nilimwona yeye. Alikuwa amesimama juu ya kichuguu, wa kijivu, kichwa juu, upepo unapita kwenye ndevu zake, anaangalia ndama malishoni. Nilikaa chini palepale. Miguu ilikuwa imechoka, lakini si hiyo iliyonikalisha.

Mwanamke alitoka bomani. "Takwenya," akanisalimia. Nikaitikia "Iko," neno nililojifunza kwa wale wa punda. Huyo alikuwa Nasieku, mke wa Sironka. Mume alinikaribisha vizuri, akasikiliza, halafu akasema mbwa yule, aitwaye Oloing'oni, yaani fahali, si wake. Ni wa mkewe. Yeye ndiye aliyemlea kwa maziwa mama yake alipokufa, na yeye ndiye anayelinda naye ndama. Baba wa mbwa huyo, akaongeza, alikuwa wa ukoo mwingine kabisa.

Kwa hiyo mtihani ulikuwa kwa Nasieku. Nilimkagua mbwa: meno, macho, nyonga, niliweka sikio kifuani nikasikiliza moyo, thabiti kabisa. Nikaona kovu refu begani lililoshonwa vizuri. Fisi, akasema Nasieku, na nimeshona mimi. Kila nilipomaliza kuangalia kitu kwenye mbwa, yeye alikuwa anauliza kitu kuhusu mimi. Jike lako lina umri gani? Limezaa mara ngapi? Watoto utawapa nani? Ukimpa mtu na mtu yule akamtesa, unafanyaje? Nikamwambia narudi kumchukua, na nimeshafanya hivyo, na kulikuwa na matusi.

"Nilidhani nimekuja kumwangalia mbwa," nikamwambia, "kumbe naangaliwa mimi."

"Yeye mbwa nilishamwangalia," akajibu.

Tulielewana hivyo. Sharti lake lilikuwa mtoto mmoja wa kike, na kwamba mbwa haendi popote bila yeye. Sironka alicheka, akasema basi ndama atalinda yeye mwenyewe.

Kurudi tulizunguka kwa njia ya Ziwa Natron na Mto wa Mbu, safari ndefu ya kuumiza mgongo kwenye lori, kwa sababu hatukutaka kumpitisha mbwa hifadhini. Nyie vijana mtaniambia nani angejua. Mbwa anaweza kubeba ugonjwa ukamaliza simba na mbwa mwitu wa porini. Ningejua mimi.

Daktari wetu wa mifugo wa Karatu, kijana mmoja hodari anayeitwa Emanueli, alimpima Oloing'oni, akamchanja, akatuambia akae peke yake kwanza. Kwa hiyo joto lile la Rembo likapita. Muda huo ulipokwisha Nasieku alirudi naye kwake, akaja naye tena joto lililofuata, na kipindi chote kile Mzee Amsi hakuniuliza kitu. Nilikuwa nampelekea uji, anapokea, anasema asante, basi. Nguruwe walikula mahindi ya msimu mzima. Kuna majirani waliacha kunisalimia.

Siku ya kuwakutanisha, Rembo alimwangalia yule bwana aliyesafirishwa kutoka Oloipiri, akambweka usoni, akaenda kulala chini ya mkokoteni. Tulikaa mimi na Nasieku kwenye magogo tunaangalia. Oloing'oni alikuja akalala umbali wa heshima, kichwa juu ya miguu, kama mposaji aliyeambiwa wazazi hawapo. Nasieku akasema mume wake naye alisubirishwa hivyo. Kesho yake walikuwa wanakimbizana uwanjani na kuku wote walikuwa juu ya paa. Kwa hiyo msilazimishe. Jike akikataa, ana sababu, na mara nyingi sababu ni kwamba siku zake hazijafika.

Rembo alizaa asubuhi, jua limeshapanda, Nasieku akiwa amekuja kumsubiri. Wa kwanza na wa pili walikuja vizuri. Halafu akasukuma, akasukuma, hakuna kitu. Nilimpigia Emanueli, akaja na pikipiki, akavua saa, akapaka mafuta mkononi. Mtoto alikuwa amekaa upande. Akasema kama hatageuka itabidi tumpasue. Niliogopa, maana mbwa hawa hawana mafuta mwilini, na dawa za kulaza nyingine zinawachukua moja kwa moja. Nikafungua mdomo kumwambia.

"Najua, mama," akasema bila kuinua kichwa. "Nimebeba ile nyingine. Mshike kichwa tu."

Nilimshika. Nasieku alikuwa ameshika kiuno, anamwimbia kwa Kimaa, sauti ya chini, nadhani ni wimbo wa ng'ombe anayezaa. Emanueli alifumba macho ili vidole vione vizuri. Nikahisi Rembo anajikaza mwili mzima, na Emanueli akasema polepole, polepole, na yule mtoto akatoka, mkubwa kuliko wenzake, kimya. Nasieku alimnyakua, akamfuta pua, akampulizia, akamsugua na shuka lake jekundu mpaka nikaogopa atamvunja. Kitoto kikapiga chafya. Watoto walikuwa saba, wote hai. Emanueli alikaa sakafuni na mikono yake michafu akaanza kucheka peke yake.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Amsi. Nilimpelekea yule mkubwa ndani ya kanga, nikamweka kifuani pake. Mzee aligusa kila kitu: kichwa, mkia, vidole, akavuta ngozi ya mgongo, akafungua mdomo mdogo ule akaangalia ndani. Alichukua muda wake.

"Baba yake anatoka wapi?" akauliza.

Nikamwambia Oloipiri. Nikamwambia njia niliyopita.

Akamfunika yule mtoto kwa kanga, halafu akasema, "Mimi ningeharibu." Akaweka mkono wake juu ya kichwa changu, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Mchana ule aliomba ugali.

Watoto wale tuliwalea na mbuzi kama kawaida. Nasieku alichukua jike lake, akampa jina langu, Martha, nami sijui mpaka leo kama ni heshima au mzaha. Mwenye loji aliporudi nilimwambia nyumba zimeshapatikana, zote za watu wenye mashamba na uzio na muda. Walipokomaa, na mahindi yalipoanza kukomaa pia, wazee wa kitongoji waliniomba niwalete. Nasieku akaja na wake kwa kuzunguka Natron, kwa sababu alisema ndugu wakimbie pamoja japo mara moja.

Watu walijaa ukingoni mwa mashamba. Mzee Amsi aliletwa na pikipiki. Vijana wenye madebe walianza kuyapiga upande wa juu, na nguruwe wakatoka kwenye mahindi, kundi zima, wakashika uwanda wa malisho kuelekea msituni. Niliwaachia mbwa.

Sijui niwaeleze vipi. Unakuwa umelea kitu jikoni kwako, kinaiba viatu, kinalala juu ya mguu wako, halafu siku moja unakiona kinafanya kile kilichoumbwa kukifanya. Saba wa kijivu walijikunja na kujinyoosha, hawatoi sauti, ardhi tu ndiyo inasikika. Waliwafikia nguruwe katikati ya uwanda, wakawabana pembeni, wakawaondoa kabisa upande wa mashamba. Watu hawakupiga kelele. Walikuwa wamesahau.

Na msitu ulikuwa unakaribia. Hapo ndipo kazi yote ilipokuwa, vijana wangu. Kukimbia wanazaliwa nako. Nilitia filimbi mdomoni, Nasieku akatia vidole viwili mdomoni mwake, tukapiga pamoja.

Yule mkubwa, aliyezaliwa kimya, alikuwa mbele. Nguruwe wa mwisho alikuwa karibu na pua yake. Akapinda. Alipinda kama mto, na wale sita wakapinda nyuma yake, nguruwe wakaingia msituni, na mbwa wetu wakarudi kwetu ndimi nje, hakuna hata mmoja aliyevuka mstari wa miti.

Hapo ndipo wanawake walipopiga vigelegele, na wale jirani walioacha kunisalimia wakaja wote kwa mpigo, mpaka nikakosa mkono wa kuwapa. Emanueli alikuwa anakagua nyayo za mbwa mmoja mmoja huku anapangusa macho kwa mkono wa shati. Mahindi ya mwaka ule tuliyavuna.

Tulirudi nyumbani kwa barabara kubwa, ile inayopita sokoni. Mbwa walitangulia, Nasieku na mimi tukafuata, watu nyuma wanaimba, na katikati Mzee Amsi juu ya pikipiki, mkono mmoja amemshika dereva kiunoni, wa pili anapungia watu pande zote mbili, kama mbunge aliyetoka kutangazwa mshindi.